Kibuyu, Mswaki na Ufizi: Kumbukumbu za Usa River

Mtu atokaye Arusha mjini kwa barabara iendayo Moshi, akiisha kuipita Tengeru na migomba yake, hufika katika nchi ya mto uitwao Usa, na mto huo ndio uliotoa jina kwa mji wa Usa River, ambao leo ni makao makuu ya Wilaya ya Meru. Kaskazini yake umesimama Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Kusini yake ardhi hushuka na kukauka hata ikawa mbuga za malisho. Na mashariki yake, kwa mwendo mfupi, upo mto mwingine ambao maji yake yana rangi ya kahawia, hata watu wakauita Maji ya Chai. Habari za mlima, za kahawa na za wanyama wa mahali hapa zimeandikwa mara nyingi. Ninayotaka kuyaandika mimi ni mambo ya kinywa: namna wenyeji wa nchi hii walivyoyatunza meno na fizi zao kwa maziwa yaliyoganda na kwa kijiti cha mswaki, namna utunzaji huo ulivyodhoofika, na kwa nini elimu ya zama hizi, ambayo kwa muda mrefu ilimwona kila kijidudu kuwa adui, imerudi kukitazama kibuyu kwa taadhima.

Masimulizi ya Wameru, ambao kwa lugha yao hujiita Varwa, yanaeleza kuwa wazee wao walitoka pande za Usambara na kufika katika miteremko hii karibu na karne ya 17. Waarusha, watu wa lugha ya Kimaa, walipanda baadaye, katika miaka ya 1830, kutoka Arusha Chini iliyo kusini ya Moshi, wakashika upande wa kusini na magharibi ya mlima, wakawa wakulima ilhali ndugu zao Wamasai walibaki na ng'ombe katika tambarare. Kwa ujirani huo, uliokuwa mara wa vita na mara wa ndoa na biashara, desturi za mfugaji zilipanda mlimani na mazao ya mkulima yakateremka mbugani. Na katika yote yaliyobadilishwa baina yao, sidhani kama lipo lililoingia katika maisha ya kila siku ya nyumba kuliko ada ya kugandisha maziwa.

Kibuyu cha maziwa, yaani gamba la mumunye lililokaushwa na kutolewa uchungu wake, kilikuwa mali ya mwanamke, na heshima ya mwanamke katika jamaa ilipimwa kwa sehemu kubwa kwa usafi wa kibuyu chake. Wamasai walikiosha, kisha wakachukua kijiti cha mzeituni wa mwitu, mti ambao wao huuita oloirien, wakakitia moto hata ncha yake ikawa kaa jekundu, wakakiingiza kibuyuni na kukisugua ndani kwote, moshi ukijaa na kunyonywa na gamba. Masizi yaliyozidi yakaondolewa kwa ufagio mdogo, na hapo ndipo maziwa yalipomiminwa, mdomo ukafunikwa, na kibuyu kikawekwa mahali pa baridi kwa siku kadha. Wamasai huyaita maziwa hayo kule naoto. Mtu asiyejua angedhani kwamba moto ule ulikusudiwa kuua kila kilicho hai, lakini sivyo kazi inavyokwenda: moto na moshi hupunguza wadudu waharibifu waliobaki juu ya gamba na kuyapa maziwa harufu njema, ilhali ndani ya vinyweleo vya gamba husalia wale waliozoea uchachu, na hao ndio huwa mbegu ya maziwa ya kesho. Kibuyu kipya kwa sababu hiyo hakikuaminiwa upesi. Ilipasa kwanza kizoeshwe, na kibuyu cha zamani kilichotoa maziwa mazuri kilitunzwa kwa miaka mingi.

Katika mwaka 2004 mtafiti wa Kenya, Julius Maina Mathara, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya maziwa hayo ya Wamasai, wakaonyesha kwamba wakazi wake wakuu ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus, na hasa wale waitwao Lactobacillus plantarum, wakifuatwa na fermentum, paracasei na acidophilus. Hao ni viumbe walao sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo igandishayo maziwa na kuwazuia wadudu wa kuoza wasistawi. Majina haya ni mageni, lakini kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika kando ya mafiga ya wanawake wa mbugani vizazi na vizazi kabla ya mtu yeyote kuyabuni.

Kwa Wameru na Waarusha maziwa hayo yalikutana na chakula cha shambani, na katika bakuli la loshoro naona muhtasari wa historia yote ya mlima huu. Mahindi yaliyokobolewa, au ndizi mbichi, hupikwa hata yakalainika, chakula kikapondwa, na kikiisha kupoa humiminiwa maziwa mgando na kukorogwa. Nalisema neno la kupoa kwa kukusudia, maana maziwa yaliyochemshwa baada ya kuganda hupoteza viumbe wake walio hai, na mpishi wa loshoro, pasipo kusoma kitabu, aliwafikisha mezani wakiwa wazima. Mtoto aliyeachishwa ziwa, mzazi aliyetoka kujifungua, na mzee asiye na meno ya kutafunia nyama, wote waliweza kukila chakula hiki.

Amma kwa upande wa kusafisha, kila jamaa ilikuwa na kijiti chake. Mti wa mswaki wenyewe, ambao wataalamu huuita Salvadora persica na Wamasai huuita oremit, huota katika nchi kavu, na ukipanda kuelekea mlimani hutumika vijiti vya miti mingine. Ncha hutafunwa hata nyuzi zikafumuka, kisha meno husuguliwa moja moja, nje na ndani, na kazi hiyo haina haraka: mchungaji huifanya akiifuata mifugo, na mzee huifanya akiwa amekaa barazani. Wafanya biashara wa pwani waliofika Arusha walikuta ada waliyoijua, maana katika Uislamu mswaki ni sunna iliyohimizwa sana, na waumini huutumia kabla ya sala. Katika mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza kijiti cha mswaki kitumike pale ambapo ni desturi ya watu, na uchunguzi umeonyesha kwamba, zaidi ya kusugua, mti huo una viini vyenye kuwazuia bakteria. Wahenga walijua pia kwamba adui wa ufizi ni ule utando laini ulio juu ya meno, yaani ukoga, ambao ukiachwa huwa mgumu kama jiwe, na ufizi ulio kando yake huvimba, hubadilika rangi, na hutoka damu kwa kuguswa tu.

Jambo hili la ukoga lilithibitishwa kwa namna iliyo wazi katika mwaka 1965, huko Aarhus katika nchi ya Denmark, wakati Harald Löe na wenzake walipowaomba watu 12 wenye fizi zenye siha waache kabisa kusafisha meno yao. Baina ya siku 10 na siku 21 wote walipata ugonjwa wa fizi, na walipoanza tena kusafisha, fizi zikapona. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kuvimba kwa fizi hakutokani kwanza na uzee wala na damu mbaya, bali na mkusanyiko wa vijidudu unaoachwa ukae. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwisha kuwaona vijidudu hao kwa darubini yake mwaka 1683, alipokwangua ukoga wa meno na kustaajabu wingi wa viumbe waliokuwa wakitembea ndani yake, lakini kuona ni jambo moja na kujua kazi ya kilichoonekana ni jambo jingine.

Wazungu waliokuja Afrika ya Mashariki katika karne ya 20 walishangazwa na vinywa vya wafugaji. Katika mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti juu ya Wakikuyu na Wamasai wa Kenya, wakionyesha tofauti kubwa ya umbo na afya baina ya watu walao nafaka na viazi na watu walao maziwa, nyama na damu. Miaka michache baadaye akaja Mmarekani Weston Price, tabibu wa meno, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1939 alieleza kuwa katika Wamasai 88 aliowachunguza, wanne tu ndio walioonekana na meno yaliyooza. Hesabu ya mpita njia haitoshi kuwa hukumu, na Price alikuwa mtu wa kulipenda mno wazo lake. Walakini alichokiona hakikupingana na walichokijua wenyeji, kwamba palipo na maziwa mengi na pasipo na sukari meno hudumu.

Nchi ya Meru ilikuwa mahali ambapo vyakula viwili hivyo, cha mkulima na cha mfugaji, vilikaa katika nyumba moja. Lakini maziwa hutaka ng'ombe, na ng'ombe hutaka malisho, na malisho ndiyo waliyoyakosa Wameru katika utawala wa kigeni. Tangu zama za Wajerumani, waliojenga boma la Arusha mwishoni mwa karne ya 19, ardhi ya chini ya mlima, ikiwamo ya Usa River, iligawiwa masetla, hata wenyeji wakabanwa baina ya msitu wa juu na mashamba ya wageni ya chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia tume ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Wilson ilipendekeza nchi ya Ngare Nanyuki, iliyo upande wa pili wa mlima, itwaliwe na kupewa Wazungu kwa ufugaji wa ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Na katika Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000, nyumba zao zikachomwa moto, na mifugo yao ikaswagwa kuelekea Kingori, katika nchi ya joto na maradhi ya mifugo. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuidai haki ya watu wake, na safari hiyo imeandikwa katika historia ya uhuru wa Tanganyika, kama ilivyostahili. Mimi naongeza jambo dogo ambalo wanasiasa hawakulihesabu: malisho yalipotwaliwa kwa ajili ya maziwa ya mtu mwingine, vibuyu vilipungua maziwa katika nyumba za Wameru, na chakula cha mtoto kikabadilika.

Kilichokuja mahali pake kilikuwa karibu. Reli kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929, ikipita Usa River, na katika miaka ya 1930 shamba kubwa la miwa la kampuni ya TPC lilianzishwa huko Arusha Chini, mahali pale pale ambapo wazee wa Waarusha walitoka karne moja kabla yake. Sukari na majani ya chai vikaingia kila duka. Chai ya sukari asubuhi ikashika mahali pa maziwa mgando, baadaye soda ikafuata, na bakteria wa kinywa walao sukari na kutoa asidi wakapata karamu ambayo hawajapata kuandaliwa.

Lipo jambo jingine la kinywa katika nchi hii ambalo sina budi kulitenga na habari ya fizi, maana watu wengi huyachanganya, na kuchanganya huko kumewaonea wenyeji. Mtu wa Arusha na Meru hujulikana mahali pengi kwa meno yake ya kahawia, na wapo waliomdhania uchafu. Rangi ile haitokani na uchafu. Maji ya mlima huu hupita katika miamba ya volkano na kuchukua floridi nyingi, na mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanapojengwa ndani ya taya, yaani kabla ya kutimiza miaka kama 8, huota meno yenye madoa ambayo mswaki wowote hauwezi kuyatoa. Na floridi ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania katika miaka ya 1970 ililazimika kukubali kwa muda hata miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa kuwa kukikataa kiasi hicho kungaliwaacha watu wengi pasipo maji. Magadi yatiwayo katika maharage na makande huongeza floridi, na majani ya chai nayo huikusanya kwa asili ya mmea wake. Maziwa ya ng'ombe, kinyume chake, huwa na floridi kidogo tu, hata kama ng'ombe mwenyewe alikunywa maji yenye floridi nyingi, na kwa hiyo mtoto aliyetolewa katika maziwa akatiwa katika chai alipata hasara mara mbili.

Huko Ngurdoto, juu kidogo ya Usa River, Wizara ya Maji iliweka kituo cha kuchunguza namna ya kuiondoa floridi, na njia iliyopata sifa zaidi hapo ni ya mifupa ya ng'ombe, inayochomwa katika tanuri pasipo hewa nyingi hata ikawa mkaa, ikapondwa na kutiwa katika ndoo au tangi, na maji yakapitishwa humo. Madini ya mfupa huishika floridi na kuyaacha maji yakiwa salama. Nimeipenda daima habari hii, kwamba mnyama yule yule ambaye maziwa yake yalitunza kinywa, mifupa yake huyatunza meno ya watoto.

Sasa nirudi kwa vijidudu wema. Mwaka 1905 kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, akiwa mwanafunzi huko Geneva, alimtambua bakteria agandishaye maziwa ya nchi yake, na Élie Metchnikoff wa taasisi ya Pasteur huko Paris akalishika jambo hilo na kufundisha kwamba maziwa mgando huongeza umri. Alizidisha, lakini alifungua mlango. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu walio hai ambao, wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa mtumiaji faida ya afya. Na mwaka huo huo kule Helsinki ilitangazwa habari ya watoto 594 walionyweshwa maziwa katika vituo vya kulelea watoto kwa miezi 7, baadhi yao yakiwa yametiwa Lactobacillus, na waliopata maziwa yenye bakteria wakaonekana na dalili pungufu za kuoza meno. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliwapa wagonjwa 59 wa fizi ubani wa kutafuna wenye Lactobacillus reuteri, na kwa muda wa wiki mbili uvimbe na ukoga ukapungua. Mwaka 2013 Wim Teughels na wenzake waliwachunguza wagonjwa 30 wa maradhi makubwa ya fizi, ambao meno yao yalikwanguliwa kwanza na tabibu, na waliopewa vidonge vya kumumunya vya bakteria huyo walipata nafuu zaidi katika mashimo ya baina ya jino na ufizi yaliyokuwa na kina kirefu.

Namna wafanyavyo kazi inafahamika kwa sehemu. Kwanza hushindania nafasi: juu ya jino na kando ya ufizi pana mahali pachache pa kushika, na aliyetangulia humnyima wa nyuma. Pili hutoa vitu vyenye kuwazuia wadudu wabaya, kama yule Porphyromonas gingivalis anayelaumiwa sana kwa kula mizizi ya ufizi. Tatu huutuliza mwili wenyewe, maana sehemu kubwa ya madhara ya fizi hutendwa na mwili unaopigana kwa hasira kupita kiasi. Lakini faida ya bakteria mmoja haimhusu ndugu yake, majaribio mengine hayakuonyesha faida kubwa, na wengi wa viumbe hawa huondoka kinywani siku chache baada ya mtu kuacha kuwatumia. Kwa hiyo sidai kwamba loshoro ni dawa ya ufizi unaotoka usaha. Ufizi huo ni kazi ya tabibu wa meno, naye ataanza kwa kukwangua ukoga uliokuwa jiwe, kwa kuwa hakuna kijidudu mwema awezaye kulivunja jiwe hilo. Ninalodai ni kwamba mahali pa bakteria wema ni pale pale walipowekwa na desturi, yaani katika chakula cha kila siku, nyuma ya mswaki na pasipo sukari, wakirudishwa kinywani kila siku ili wasipate wasaa wa kutoweka.

Mtindi wa viwandani uliotiwa sukari na rangi hauwi sawa na ule wa kibuyu, maana bakteria wale wale wagandishao maziwa, wakiisha kupata sukari nyingi juu ya jino, huongeza asidi inayolimomonyoa jino lenyewe. Kadhalika maziwa mabichi yana hatari yake, kwa kuwa homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kupita ndani yake hata yakiwa yameganda, na sifa za wahenga zisimfanye mtu yeyote amnyweshe mtoto maziwa yasiyochemshwa. Njia iliyo salama ni ile ifuatwayo sasa na akina mama wengi: maziwa huchemshwa, huachwa yapoe hata yawe vuguvugu, kisha hutiwa vijiko vichache vya maziwa mgando ya jana na kufunikwa. Njia ya namna hiyo ndiyo iliyotumiwa Mwanza tangu mwaka 2004, wakati kundi la wanawake, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kikuu kimoja cha Kanada, lilipoanza kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus kwa ajili ya wanyonge wa afya. Bakteria yule aliletwa kutoka ng'ambo. Wale wa Meru wangali nyumbani kwao, na siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, hupimwa kwa kikombe kutoka ndoo za plastiki, mahali ambapo vibuyu vilipangwa zamani.